Mundu wa Kwanza

Paa la Fusae lilikuwa limebakiza kipupwe kimoja. Mwezi wa tano mzee Tokuzo alipanda ngazi, akazamisha mkono mpaka kiwikoni katika nyasi za upande wa kaskazini, na alipoutoa ulikuwa umejaa uozo mweusi wenye kunuka. Alimtangazia kutoka huko huko juu, kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya mto.

“Shemeji! Hili paa limechoka kukuzidi wewe! Theluji ya mwaka huu litaibeba. Ya mwakani mtalala nayo kitanda kimoja!”

“Afadhali nayo kuliko na mzee mwenye kelele,” Fusae alimjibu kutoka chini, ameshikilia miguu ya ngazi.

Yeye alikuwa na miaka themanini na moja, Tokuzo themanini na minne. Jinpachi, mume wa Fusae na rafiki wa Tokuzo, alikuwa amelala kaburini juu ya kilima mwaka wa tisa sasa, na katika miaka yote hiyo wazee hawa wawili hawakuwahi kuongea bila kuchokozana. Wangeongea vizuri, kijiji kizima kingeuliza nani mgonjwa.

Kijiji kizima, yaani watu sita. Hinokura ilikuwa na nyumba ishirini na tatu Fusae alipoletwa kama bi harusi. Sasa zimesimama tisa, na zenye mtu ndani ni nne. Wageni huja kwa mabasi kuangalia mapaa, wanapiga picha, wanasema pazuri mno, wanarudi mjini kula. Wengine hufungua milango ya watu. Mwezi wa kumi mama mmoja aliingia mpaka ndani kwa Fusae, akamkuta kando ya meko na bakuli lake la supu ya soya, akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto.

“Samahani sana! Tulidhani ni makumbusho.”

“Bado,” alisema Fusae, akaendelea kunywa supu yake.

Kuezeka paa kama lile si kazi ya familia moja. Linapanda wima kuliko nyumba yenyewe, na upande mmoja tu unakula miganda ya nyasi ya miaka mitatu. Ndiyo maana kuna yui: leo wote kwangu, kesho wote kwako, na malipo ni wali, samaki wa chumvi na kikombe cha pombe ya mchele. Mwaka huu zamu ilikuwa ya Fusae. Watu sitini wa mabonde ya jirani walikuwa wameshaahidi kuja mwezi wa nne, theluji ikiyeyuka. Miganda ya miaka miwili ilikuwa tayari imepangwa darini kwake, mikavu, inanukia. Ilibaki ya mwaka wa tatu, ile iliyokuwa bado imesimama kwenye konde la nyasi juu ya kijiji, ikigeuka rangi pole pole. Nyasi za kununua zilikuwepo, za mkoa wa mbali, na foleni yake ilikuwa miaka minne.

Nyasi hizo hukatwa baada ya sakitu, ule umande ulioganda, kukausha majani na kabla ya theluji kuzilaza. Katikati hapo kuna wiki tatu, mwaka mbaya mbili. Na hapa ndipo ilipo mila ya watu wa Hinokura, ambayo mtu wa bonde lingine akisimuliwa hutingisha kichwa: hakuna mundu unaoingia kondeni kabla ya mundu wa mwenye zamu. Mwenye zamu hutaja siku, hupanda wa kwanza, hukata mganda wa kwanza. Na yule aliyekata mganda wa kwanza ndiye paa litakalomjua kuwa mwenyewe kwa miaka thelathini ijayo. Nyasi zinaweza kusimama zimeiva mpaka zikaoza, watu wamekaa na miundu yao imenolewa, wanamngoja mmoja atamke.

Fusae angeweza kuukata mganda huo mwenyewe. Hakutaka. Alitaka aukate mwanawe, Nobuteru, kwa sababu paa bila mrithi alikuwa analiezekea nani? Ukweli ni huo, na yeye mwenyewe aliusema waziwazi kwa Yaeko, jirani yake wa mlango wa pili, mjane mwenye umri wa miaka sabini ambaye kijijini alihesabiwa kuwa msichana.

“Nobu atakuja kukata,” alisema. “Amesema Jumamosi.”

“Amesema au umemsemea?” aliuliza Yaeko.

“Amesema kwa mdomo wake.”

Na kweli alikuwa amesema. Nobuteru alikuwa na miaka hamsini na minne, anafanya kazi katika kampuni ya mabomba huko Nagoya, na kila Jumatano jioni alimpigia mama yake simu. Mwisho wa mwezi wa kumi, sakitu ya kwanza ilipofanya konde zima kuwa rangi ya shaba, Fusae alimpigia yeye kabla Jumatano haijafika. Nobuteru akasema, nakuja Jumamosi, Mama, mnisubiri. Fusae alishusha mundu wa Jinpachi ukutani, akaunoa nusu siku nzima, akapika wali wa maharage mekundu ambao hupikwa siku ya heri.

Jumamosi Nobuteru hakuja. Kazini walikuwa wamembana, alisema, Jumamosi ijayo bila shaka. Fusae alikula wali wake siku tatu.

Jumamosi ya pili alikuwa na mafua, akaahidi ya tatu.

Tokuzo alikuja siku hiyo hiyo saa nne asubuhi, amevaa viatu vya kondeni, kitambaa kichwani, mundu kiunoni. Hakuketi.

“Taja siku, shemeji.”

“Jumamosi ijayo.”

“Jumamosi ijayo ni tarehe kumi na tano! Umetia pamba masikioni? Nyasi ziko tayari tangu juzi. Angalia ule mlima.” Mlima wa magharibi ulikuwa umeshavaa nyeupe mpaka kiunoni. “Panda sasa hivi, kata mganda mmoja tu, uketi kwenye jiwe unywe chai, sisi tutamaliza. Mganda mmoja! Hata kwa meno.”

“Mwanangu anakuja.”

“Mwanao anakuja, anakuja! Hata basi la wageni linakuja, tena kila siku!”

Fusae alicheka, na Tokuzo hakucheka. Alikuwa fundi wa mwisho wa mapaa aliyebaki katika bonde lile. Magoti yake yalimruhusu paa moja zaidi, labda, na alitaka liwe la Jinpachi. Hilo hakulisema. Alisema tu kwamba baba wa nyumba ya akina Kurobe naye alikuwa na maneno mazuri hivi hivi.

Kila mtu Hinokura anaijua habari ya akina Kurobe. Baba yao aliwadanganya wenzake siku ya kuezeka, akaenda mjini kufanya biashara yake, na kijiji kikafunga mlango. Hawakumtukana. Waliacha tu kumwona. Alipokufa, wanawe walikuja wenyewe na gari la kukodi kumzika, na mpaka leo, watu wanaposafisha makaburi mwezi wa nane, huling'olea magugu kila kaburi kasoro lile. Magugu yamelipita jiwe kimo.

“Jumamosi,” alisema Fusae. “Asipokuja, nakata mwenyewe.”

Theluji ilianguka Alhamisi.

Ilianza asubuhi, mvua iliyochanganyika, nzito, ile inayoangusha matawi. Mpaka mchana ilikuwa imefika kifundoni. Fusae alivaa viatu vya mpira, akachukua mundu, akapanda kondeni peke yake akishika miti. Alipofika juu alikuta konde lote limelala. Hakukuwa na unyasi mmoja uliosimama. Aliuchomoa mmoja kutoka chini ya theluji. Ulikuja umelowa, umekunjika, umechafuka matope. Alijaribu kuunyoosha kwa vidole ukakatika. Akasimama pale muda mrefu, mpaka miguu ikafa ganzi, akalia kwa sauti, maana hakukuwa na mtu wa kumsikia. Kisha akashuka.

Nobuteru alifika Jumamosi saa tano, kama alivyoahidi.

Aliliacha gari kwenye uwanja wa magari ya wageni, akaja kwa miguu akisukuma theluji, mwanamume mnene mwenye uso mpole wa baba yake. Aliinama mlangoni. Alivua viatu, akavipanga, akaketi kando ya meko mahali pa mgeni, si mahali pa mwenye nyumba, na Fusae aliliona hilo na kulimeza.

“Nimesikia theluji imewahi,” alisema.

“Imewahi.”

“Na nyasi?”

“Zimelala.”

Nobuteru alitazama moto. Fusae alimmiminia chai, akamuuliza habari za wajukuu, akamuuliza mafua. Mafua yamepona, alisema. Kisha mama mtu akakumbuka kwamba hakumwona na begi, na baridi ya gari ingegandisha chakula kama ameleta chakula, akachukua mwavuli akatoka yeye mwenyewe kwenda kuleta mizigo, huku Nobuteru akimwita nyuma, “Mama, acha! Mama, nitakwenda mimi!”

Hakukuwa na viatu vya kondeni ndani ya gari. Hakukuwa na glavu wala nguo za kazi. Kulikuwa na maboksi ya kuhamishia vyombo, ya karatasi ngumu, mapya, yamekunjwa bapa na kufungwa kamba, thelathini au zaidi, na juu yake utepe wa gundi, na risiti ya dukani ingali imebanwa kwenye kamba. Fusae alivaa miwani. Yalinunuliwa mwezi wa tisa.

Nobuteru alimkuta amesimama hapo na mwavuli umeinama, theluji inamwangukia begani.

“Hukuwa na mafua,” alisema Fusae.

“Sikuwa nayo.”

“Wala kazini hawakukubana.”

Nobuteru aliushika mwavuli, akausimamisha juu ya kichwa cha mama yake.

“Kila jioni nilikuwa naangalia utabiri wa hali ya hewa,” alisema. “Nilikuwa naiombea ianguke.”

“Mwanangu.”

“Mwaka jana ulianguka ukizoa theluji, Mama. Ulilala saa mbili chini, mpaka mleta barua alipokuona. Hukuniambia! Nimeambiwa na Yaeko. Unajua mimi naishije? Simu ikilia kazini naogopa kuipokea. Na nilijua, paa likiezekwa upya hutaondoka hapa tena. Ungekaa humu mpaka ufe.”

“Ndiyo,” alisema Fusae. “Ndivyo nilivyotaka.”

“Najua ndivyo ulivyotaka.”

“Ungeniambia tu hapana.”

“Nimekwambia hapana miaka tisa!” Alikuwa analia sasa, lijitu zima, na wageni wawili waliokuwa wakipita na kamera waliinamisha macho. “Hunisikii. Unanipikia wali wa maharage mekundu.”

Fusae alimtazama, na hasira aliyoitafuta hakuipata. Alipata uchovu. Mtoto huyu alikuwa amemnyang'anya kila kitu kwa kumpenda, na mtu hajui pa kuanzia kumchukia mwenye kosa la namna hiyo. Alimwambia afunge gari, waende ndani, atashikwa na mafua ya kweli.

Jumapili asubuhi walikuja. Ilikuwa lazima waje: nyumba iliyopoteza nyasi za kijiji hutoa sababu yake mbele ya wenzake, na wenzake huamua. Walikuja watatu tu, kwa maana wengine wawili hawakuwa na miguu ya kutembea kwenye theluji: Tokuzo, Yaeko, na mwalimu mstaafu wa nyumba ya chini, mtu asiyesema kitu. Walijipangusa theluji, wakapiga magoti kuzunguka meko. Nobuteru aliketi nyuma ya mama yake.

Tokuzo hakumtazama Fusae hata kidogo. Alimtazama mwanamume.

“Jinpachi alikufundisha kukata nyasi ukiwa na miaka saba,” alisema. “Nilikuwepo. Ulijikata dole gumba, hukulia. Sasa nakuuliza mbele ya moto wa baba yako. Ulimwambia mama yako akungoje?”

Nobuteru alifungua mdomo.

“Watu wa mabonde ya jirani nimeshawapigia simu,” Tokuzo aliendelea, na sauti yake ilikuwa inapanda. “Mwezi wa nne hawaji tena, mwakani wameshaahidi kwingine. Paa hili limekwisha. Mimi nimekwisha. Kwa hiyo nataka kujua, Nobuteru. Ulichelewa, au ulituchezea? Maana kama ulituchezea, nitalitamka hapa hapa, na usije ukaniletea jeneza kwenye kilima kile.”

Yaeko alifunika mdomo kwa mkono. Fusae alisikia pumzi ya mwanawe nyuma yake, ikiingia, na alijua kwamba atasema kweli. Hakuwa mwongo kwa asili. Zile simu za Jumamosi lazima zilimkata maini. Angesema, na lingetamkwa. Angezikwa Nagoya katikati ya watu asiowajua, na mwezi wa nane watu wangeng'oa magugu kushoto na kulia kwa Jinpachi, wakiliruka kaburi lake. Hata lake Fusae mwenyewe.

“Alinipigia tarehe mosi,” alisema Fusae.

Wote waligeuka.

“Alinipigia akasema, Mama, sitaweza kuja, usiningoje, kata wewe mganda wa kwanza watu waanze.” Alitazama mikono yake. “Nikasahau.”

“Ukasahau,” alisema Tokuzo.

“Nilipokata simu nilikuwa nakumbuka. Baadaye nikawa najua tu kwamba anakuja Jumamosi. Kila siku ilikuwa kama kesho yake ni Jumamosi.”

“Nilikuja hapa nikiwa na mundu, shemeji. Nilikwambia kwa mdomo wangu.”

“Ulikuja?” alisema Fusae.

Alilisema vizuri. Hata yeye alishangaa jinsi alivyolisema vizuri, kwa kunyanyua uso na kumkodolea macho. Nyuma yake Nobuteru alitoa sauti ndogo ya kooni. Fusae alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akamfinya paja kwa nguvu zake zote, kama alivyomfinya akiwa mtoto kwenye mazishi. Nobuteru akanyamaza. Alinyamaza moja kwa moja, na mama yake alishukuru, na papo hapo kitu ndani yake kikaumia kwamba amenyamaza upesi vile.

Hasira ilimtoka Tokuzo usoni. Fusae aliiona ikitoka, na angetoa chochote kuirudisha. Mzee alijifuta pua kwa kitambaa.

“Basi hakuna wa kulaumiwa,” alisema hatimaye.

Yaeko alikuwa anatiririkwa na machozi. “Nami nilikuwa nikisema tu, Fusae anarudia rudia maneno,” alinong'ona kwa mwalimu. “Kumbe ndiyo ilikuwa imeanza.”

Miganda ya darini ilimwendea Yaeko, kwa kuwa ndiye aliyefuata kwenye zamu, ingawa hakuna aliyeuliza zamu hiyo ingefika lini, na nani angeifanya. Walianza kuishusha hapo hapo. Nobuteru alipanda darini bila kuambiwa, akaipokeza kwa mwalimu, kisha akawa anaibeba mwenyewe kupita kwenye theluji, mganda mmoja kila bega, vichwa vya nyasi nyuma, visilowe. Hakuwa amesahau kitu hata kimoja. Fusae alimtazama akienda na kurudi, mara arobaini, hamsini, mpaka harufu kavu ya nyasi ikaisha ndani ya nyumba na dari ikabaki tupu, na sauti ya mtu akikohoa chini ikawa inajibiwa na mwangwi juu.

Yeye alikaa barazani ndani ya blanketi. Yaeko alikuwa ndiye aliyemfunika, akamwambia asisimame. Tokuzo aliposhuka ngazi kwa mara ya mwisho alikuja mpaka pale, na Fusae akajiandaa. Alikuwa na jibu lake mdomoni kwa lolote ambalo mzee angesema juu ya kichwa chake kibovu, juu ya paa, juu ya wanawake. Alimngoja.

Tokuzo alichutama mbele yake, magoti yakilia. Alimfunga vizuri kitambaa cha shingo. Hakuwahi kumgusa shingo katika miaka sitini.

“Nobu ni mtoto mwema,” alisema, taratibu, neno moja moja, kwa sauti ambayo watu huitumia hospitali. “Atakupeleka kwake Nagoya. Kuna joto huko. Umenielewa, bibi?”

Fusae alitikisa kichwa kukubali.

“Vizuri sana.” Akamchungulia machoni, akitafuta kama bado kuna mtu. “Hebu niambie. Leo siku gani?”

Ilikuwa Jumapili, tarehe kumi na sita. Siku tatu tangu theluji, siku ya pili ya Nobuteru nyumbani, na kesho yake ndiyo siku ya kufa ya Jinpachi, mwaka wa tisa, na Tokuzo mwenyewe hakuwa amekumbuka. Nobuteru alikuwa amesimama uani na mganda kila bega, ameganda, anasikiliza.

“Ijumaa,” alisema Fusae.

Tokuzo alimpapasa mkono.

“Ndiyo, bibi,” alisema. “Ni Ijumaa.”